Unataka kuagiza betri ya lithiamu ya sola na unaishi Kigoma? Soma hii kabla hujalipa

Wakuu, hii nawaandikia watu wa huku kwetu, mwambao wa Tanganyika kuanzia Ilagala kushuka mpaka Kalya, vijiji vya Kasulu na Buhigwe vilivyo mbali na barabara, na nyie wa Tabora mlioko ndani ndani Kaliua na Sikonge, ambao nguzo bado haijafika au imesimama mbali na nyumba na umeshachoka kuisubiri. Bei za lithiamu zimeshuka sana ukilinganisha na miaka ya nyuma, simu iko mkononi, unaingia Alibaba unaona betri ya ampea 200 (ni ampea-saa, yaani ujazo wake) bei chee kidole kinawasha kubonyeza. Subiri kidogo.

Mtu wa Dar akiuziwa betri mbovu anapanda daladala mpaka Kariakoo anagombana na muuzaji hapo hapo dukani. Wewe wa Buhingu unairudishaje? Na kama umeagiza mwenyewe China ndo kabisa, maana betri ya lithiamu yenye hitilafu hairuhusiwi kupakiwa kwenye ndege, na kwa meli inataka ufungashaji wa masharti maalum ambao sioni ajenti wa mizigo wa kuhangaika nao kwa betri moja. Kwa hiyo ile waranti ya miaka 10 wanayokuandikia, kwako wewe ni maandishi tu. Kinachokulinda ni kuhakikisha betri imepimwa hela yako ikiwa bado haijaachiwa, na kununua kitu ambacho kikifa fundi wa Mwanga au Ujiji anaweza kukifungua akabadilisha kilichokufa. Mengine yote nitakayosema humu yanatoka hapo.

Kwanza hesabu, tena usimwachie muuzaji

Chukua karatasi. Taa 6 za wati 7 zikiwaka masaa 5 ni wati-saa 210. TV ya inchi 32 ya wati 50 masaa 5 ni 250, king'amuzi cha wati 15 masaa hayo hayo 75, simu nne weka 60, feni ya wati 50 masaa 6 ni 300. Hapo una 895. Ukiongeza kafriji kadogo kanakokula kama 600 kwa siku unafika 1,495.

Watu wengi wanaishia hapo na ndo kosa lenyewe, maana inveta, lile boksi linalogeuza umeme wa betri uwe wa kuendesha TV na friji, nayo inakula. Inveta ya kawaida ikiwa imewashwa tu bila kitu chochote inaweza kula wati 30, zingine zaidi, zidisha kwa masaa 24 ni wati-saa 720, yaani karibu nusu ya matumizi ya nyumba nzima yanaliwa na boksi lililotundikwa ukutani. Muulize muuzaji wa inveta inakula ngapi ikiwa haina mzigo, akishindwa kukujibu nenda kwa mwingine. Kama huna friji, taa ziweke kwenye DC, yaani umeme wa betri moja kwa moja bila kupita kwenye inveta, na inveta uizime ukienda kulala.

Jumla sasa ni 2,215. Lithiamu unaweza kuitumia mpaka asilimia 80 hata 90 bila kuiua, tofauti na betri ya jeli ambayo ukiishusha chini ya nusu kila siku haikai, kwa hiyo gawanya 2,215 kwa 0.85 unapata kama 2,600. Betri ya 25.6V ampea 100 ina wati-saa 2,560, inatosha kwa siku moja ya kubana bana. Lakini mvua za huku unazijua, kuanzia Novemba kuna siku unaamka mawingu yameshuka mpaka kwenye milima na jua unalisikia kwa watu wa Singida, kwa hiyo mimi nasema weka mbili, 5,120. Paneli weka kama mbili za wati 450. Ukihesabu masaa manne na nusu ya jua zuri na ukaondoa robo kwa ajili ya joto, vumbi na waya, zinakupa kama 3,000 kwa siku, matumizi yanatoka na betri inajaa.

Na hizo mbili ninashauri ziwe mbili kweli, za 25.6V zimefungwa sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi), sio boksi moja la 51.2V. Mjini boksi kubwa la ukutani ni zuri, linaongea na inveta na linapendeza. Kijijini hapana. Moja ndogo ina kilo 20 na kitu, kijana mmoja anaipandisha kwenye boti, boksi kubwa ni kama kilo 45 linataka watu wawili na wakiteleza hapo ufukweni imekula kwako. Halafu moja ikigoma, nyingine inaendelea kuwasha taa wakati unatafuta fundi. Mfumo wa volti 12 achia watu wa taa na TV tu, maana inveta ya wati 3,000 kwenye volti 12 inavuta ampea 250, huo waya wake unaweza kufungia ng'ombe. Na kama unataka 24 nunua ya 24 tangu mwanzo, usinunue 12 mbili ukaziunga mfululizo (chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine) labda muuzaji amekuandikia kabisa kwamba inaruhusiwa.

Soma volti kabla ya kusoma ampea

Zinaitwa zote lithiamu ila sio ndugu. Ya nyumbani unayoitaka ni lithiamu fosfeti ya chuma, kwenye stika wanaandika LiFePO4 au LFP. Seli yake moja ni volti 3.2, kwa hiyo nne ni 12.8, nane ni 25.6, kumi na sita ni 51.2. Ukiona stika inasema 11.1 au 14.8 hiyo ni familia nyingine, ya seli za 3.6 au 3.7 kama za laptop na pikipiki za umeme. Hizo ni nyepesi na zina nguvu lakini zikizidiwa zinawaka moto kirahisi zaidi, na volti zake hazikai vizuri na inveta ya 12. Ya 11.1 ikijaa ni 12.6, ikitumika inashuka mpaka 9 na kitu, inveta yako itapiga kelele betri ikiwa bado haijaisha. Usiweke ndani kwa watoto.

Stika inadanganya, mzani haudanganyi sana

Kununua betri kwa kusoma stika ni sawa na kununua mawese kwa kuangalia dumu. Zidisha volti kwa ampea upate wati-saa, halafu gawanya kwa kilo. Betri ya kweli ya LFP na kasha lake inakuja kati ya 100 na 150 kwa kilo moja. Hata seli tupu, zile bora kabisa, zinaishia kama 180. Sasa mtu anakuletea betri ya 12.8V ampea 200, yaani 2,560, ina kilo 12, gawanya unapata 213. Haiwezekani. Hiyo ndani ni ampea 100 zimevalishwa koti. Kila tangazo lina uzito wake pale chini kwenye maelezo, fanya hesabu hiyo ukiwa umelala kitandani kabla hata hujamsalimia muuzaji, utaondoa nusu ya matangazo.

Uzito haumalizi kila kitu, maana kuna wajanja wanajaza mchanga au vyuma ili mzani ukubali. Lakini anayeshindwa hata mzani usipoteze muda naye.

Maswali ya kumbana muuzaji

Hapa ndo uwe msumbufu kwelikweli, usione aibu, yeye anauza na wewe ndo una hela.

Muulize seli ni za kiwanda gani na za daraja gani. Majina makubwa ya seli ni CATL, EVE, CALB, Gotion, REPT, Hithium. Daraja A ni zile mpya zilizopita vipimo vyote, B ni zilizopungukiwa kidogo, na kuna zilizochomolewa kwenye magari ya umeme zikavalishwa nailoni mpya ya bluu. Daraja B mimi sizichukii kwa nyumba ya kawaida, ilimradi bei iwe ya B. Shida ni kulipa ya A ukapewa B. Omba picha ya ndani kabla kifuniko hakijafungwa, kila seli ina alama ya QR juu yake, ukiona zimekwanguliwa au zimefunikwa na stika ujue historia yake wameificha makusudi.

Swali la pili ni BMS, ile bodi inayolinda seli zisijae kupita kiasi wala kuisha kabisa na kukata mambo yakiharibika. Uliza inatoa ampea ngapi za muda wote, sio za sekunde tano. Betri ya 25.6V yenye BMS ya ampea 100 inaruhusu kama wati 2,500, nzuri. Ila nimeona betri ya ampea 200 ina BMS ya ampea 50, friji ikianza tu na pasi iko kwenye soketi giza. Na iwe ya kuonekana kwenye simu kwa Bluetooth, hili usiliache hata ukiongeza hela kidogo, kwa sababu bila hiyo huwezi kuona volti ya seli moja moja na fundi atakuwa anapiga ramli. JK, Daly na JBD ni bodi ambazo mafundi wengi wameshazishika na spea zake zinapatikana.

Tatu, kasha linafunguka kwa bisibisi au limegundishwa? Hapa watu wananishangaa nikiwaambia afadhali kasha baya la bati lenye skrubu kuliko la plastiki linalong'aa lililogundishwa. BMS ikiungua kwenye lile la skrubu unaagiza bodi, fundi anabadilisha jioni hiyo hiyo. Lililogundishwa unalikata kwa msumeno ukiombea usiguse seli.

Wakikushawishi uongeze hela kwa ajili ya kipasha joto cha betri kataa, hicho ni cha watu wa baridi ya sifuri kwenda chini. Kigoma hatuna hiyo baridi labda uhamie juu ya mlima. Na ile mizunguko 6,000 ukigawa kwa siku ni miaka 16, isikuchanganye akili, chagua kwa hayo mengine.

Hela na mzigo

Kwanza toa kichwani wazo la kumpa mtu anayerudi na ndege. Abiria anaruhusiwa betri ya mpaka wati-saa 100, na mpaka 160 kwa ruhusa ya shirika la ndege, hata kabetri ka 12.8V ampea 10 kana 128. Na tangu tarehe 1 Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria, za mizigo zinapokea kwa masharti na chaji isizidi asilimia 30. Anayekwambia atakupitishia kwa ndege bei rahisi ujue ataandika kitu kingine kwenye karatasi. Njia yako ni meli, mwezi na zaidi, uwe mpole.

Ajenti wa mizigo mwambie wazi kwamba ni betri za lithiamu. Wengine wanakataa, wengine wana bei yake tofauti kwa ujazo, na wengine watakwambia "tutaandika spea tu bosi". Huyo wa mwisho mkimbie. Mzigo ukikamatwa au kontena likipata moto huna pa kudai, maana kwa karatasi hukuwahi kuwa na betri. Muuzaji akupe ripoti ya vipimo vya usafirishaji, inaitwa UN38.3, na ile karatasi ya usalama ya MSDS, na kwenye boksi iandikwe UN3480, ndo namba ya kutambulisha betri za lithiamu. Asiye na hizo karatasi ni wa kuokoteza seli chumbani kwake. Kwenye forodha betri hizi ziko chini ya namba 8507.60, ushuru unapigwa kwenye bei pamoja na bima na usafiri, na kuna ukaguzi wa TBS wa kabla ya kusafirisha. Kwa hiyo mwambie ajenti akupe bei moja iliyomeza kila kitu mpaka mzigo uko mkononi Dar, kwa maandishi, hata meseji ya WhatsApp inatosha. Viwango vya kodi vinabadilika kila bajeti mpya ikianza Julai, bei ya jamaa yako aliyeagiza mwaka juzi isikudanganye.

Sasa kuna mtego ambao watu wengi hawaujui. Ukilipa kupitia Alibaba una siku maalum za kulalamika baada ya mzigo "kufika", na kwao kufika ni pale unapopokelewa godauni la ajenti Guangzhou, sio Kigoma. Betri yako iko kwenye meli katikati ya bahari ya Hindi huku siku zinaisha na hela inaachiwa. Kwa hiyo vipimo vifanyike kule kule. Kwenye mkataba wa oda, sio kwenye chati tu, andikisha kwamba muuzaji atakutumia video ya betri yako ikijazwa na kumalizwa kwenye mashine, namba ya betri ionekane, na ampea zilizotoka zionekane. Ajenti akiupokea aupime kwa mzani na akupigie picha boksi likiwa wazi. Unamlipa kidogo kwa hiyo kazi, lipa. Ukiona uzito umepungua kilo 4 hapo hapo fungua malalamiko, usikubali maneno ya "rafiki tutakufidia oda ijayo", na usibonyeze kwamba umepokea.

Kama haya yote yanakuchosha na unaona ununue tu Kariakoo kwa mtu aliyeshaleta, sawa kabisa, mara nyingi kwa betri moja tofauti ya bei haifiki ile usumbufu. Ila sheria ni zile zile, nenda na mzani, fungua simu uone seli, na jaribu ikiwa na mzigo kabla hujatoa hela.

Kutoka Dar kuja huku, basi au treni vyote vinafika. Vichwa vya betri vifungwe kwa tepu nyeusi, maana spana ikidondokea hapo ni moto wa kweli. Ukiipeleka kijijini kwa boti ifunge nailoni nzito mara mbili, ipandishe juu ya magunia, isikae kule chini kwenye maji ya kukombwa, na usiruhusu mtu aikalie.

Ikifika nyumbani

Usiifunge kwenye mfumo siku hiyo hiyo. Ichaji kwanza ijae kabisa, kila moja peke yake, kwa sababu inasafirishwa ikiwa haijajaa na ukiunga mbili zenye chaji tofauti moja itaimwagia mwenzake ampea kwa nguvu. Ikijaa fungua programu ya simu uangalie seli, zote zinatakiwa zikaribiane sana. Ikipumzika tofauti ya volti 0.02 au 0.03 ni safi. Ikiwa moja iko nyuma sana kila mara, hiyo ndo seli mgonjwa, piga skrinishoti.

Halafu imalize. Tafuta balbu za zamani zile za joto, tatu za wati 100, ziwashe kwa inveta uandike saa. Betri ya wati-saa 2,560, ukitoa kinachopotea kwenye inveta, inatakiwa iendeshe huo mzigo masaa saba na nusu hivi. Ikikata baada ya masaa matano umeuziwa ampea 65 au 70. Usijaribu kukadiria kwa kupima volti na mita ya fundi, lithiamu inakaa kwenye volti karibu zile zile muda mrefu halafu inadondoka ghafla, ile mita itakwambia betri bado iko nusu, kumbe zimebaki dakika chache kabla ya giza.

Kufunga sitaenda ndani sana, tafuta fundi anayejua, ila msimamie kwenye mambo haya. Chaja kontrola, kile kifaa cha kati ya paneli na betri, iwekwe kwenye lithiamu, au kama haina, kwa mfumo wa volti 24 ijaze kwenye volti 28.4 mpaka 28.8, volti ya kushikilia betri ikishajaa iwe 27 hivi, na ile ya kusawazisha ya betri za maji izimwe kabisa maana inapandisha volti mpaka BMS inakata. Betri inaunganishwa kwenye kontrola kwanza, paneli baadaye, na kuchomoa ni kinyume chake. Fyuzi iwe karibu na betri, na iwe ya DC. Nati zikazwe vizuri, lagi (kile kichwa cha waya) iliyolegea inapata moto na inaweza kuchoma nyumba. Radi za huku tunazijua, weka ethi na kizuia radi upande wa paneli. Betri isikae chini ya bati la moto wala juu ya friji, iweke ukutani upande wenye kivuli.

Ukisafiri miezi kadhaa iache nusu au kidogo zaidi na uzime kila kitu, hata inveta, kwa sababu ikiisha kabisa BMS inajifunga na ukirudi utakuta sifuri kwenye mita ukadhani imekufa. Mara nyingi haijafa, imelala tu. Kontrola nyingi haziwezi kuiamsha zenyewe kwa sababu haziioni, kwa hiyo chukua ya pili yenye chaji, iguse sambamba kwa waya mdogo wenye fyuzi kwa sekunde chache mpaka BMS ifunguke, au tumia chaja ya umeme yenye kitufe cha kuamsha lithiamu. Ikiamka ichaji taratibu kwa ampea chache huku unaangalia seli kwenye simu, na kama kuna seli iko chini ya volti 2 usilazimishe, mwite fundi aifungue.